Weesp: Kijiji cha Wazee Kilichoanzia kwa Watumishi

Kilomita zipatazo 15 kusini-mashariki ya Amsterdam, jiji kubwa la Uholanzi, upo mji mdogo uitwao Weesp. Garimoshi litokalo kituo kikuu cha Amsterdam hufika huko kwa muda wa robo saa hivi, likikata nchi tambarare kama uso wa meza, yenye mifereji iliyonyooka, majani mabichi na ng'ombe wenye mabaka meusi na meupe. Mto Vecht wapita taratibu kando ya mji. Mtoni humo, juu ya kisiwa, ipo ngome ya kale iliyojengwa ili kuilinda Amsterdam na maadui, na vinu vya upepo vingali vimesimama karibu na maji. Weesp ulipata haki za mji mwaka 1355, na tangu Machi 24, 2022, umekuwa sehemu ya manispaa ya Amsterdam.

Kwa zaidi ya miaka mia moja Weesp ulikuwa mji wa wafanyakazi wa kiwandani. Mwaka 1850 kampuni ya Van Houten, ambayo jina lake liliandikwa juu ya makopo ya kakao katika nchi nyingi, ilihamishia kiwanda chake huko, nacho kiliwaajiri watu wa mji kizazi baada ya kizazi hadi kilipofungwa mwaka 1971. Siku hizi wageni wafikao Weesp kutoka nchi za mbali hawafuati kakao. Wanakwenda kukitazama kitongoji kiitwacho De Hogeweyk, ambacho wakazi wake ni watu, karibu wote wazee, waliopatwa na maradhi makali ya usahaulifu ambayo waganga huyaita dimenshia. Ni maradhi yamfanyayo mtu alisahau jina la mwanawe, asijue kama ni asubuhi au jioni, na aipotee njia ya nyumbani kwake mwenyewe.

Kitongoji hiki kimechukua nafasi ya hekta moja na nusu hivi. Majengo yake ya matofali yamepangwa kwa namna ambayo migongo yake yenyewe ndiyo ukuta, na mlango wa kutokea ni mmoja, wenye mtu wa mapokezi. Ndani yake umo mtaa, uwanja, bustani, duka la vyakula, mkahawa na ukumbi wa maonyesho. Mzee aweza kutembea humo mchana kutwa bila ya kufungiwa chumbani, wala asipotee. Kilipokamilika mwaka 2009 kilikuwa na nyumba 23 za watu 152, yaani sita au saba katika kila nyumba. Baadaye nyumba ziliongezwa. Ujenzi uligharimu karibu euro milioni 19, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka serikalini.

Mgeni atembeapo mtaani humo hupata taabu ya kutambua nani mkazi na nani mtumishi, maana watumishi wamevaa nguo za kawaida, na hapana sare nyeupe. Mengi yamekwisha kuandikwa duniani juu ya duka lile na bustani zile. Juu ya watu wafanyao kazi humo yameandikwa machache; nao ndio tunaotaka kuwazungumza leo, kwa sababu kijiji chenyewe kilizaliwa na maneno yao.

SWALI LA MWAKA 1992

Kabla ya kijiji hiki, palikuwapo hapo nyumba ya wazee ya kawaida, jina lake Hogewey. Ilifanana na nyumba nyingine za wakati wake: jengo kubwa kama hospitali, ushoroba mrefu, wodi, sare nyeupe, na chakula kilichopikwa katika jiko kuu na kupelekwa juu ya matoroli. Watumishi walifuata ratiba, na wazee wakafuata ratiba ile ile.

Mwaka 1992 mmoja wa watumishi wa nyumba hiyo, Bibi Yvonne van Amerongen, alipigiwa simu na mama yake kuarifiwa kwamba baba yake amefariki ghafla kwa maradhi ya moyo. Mwenyewe amesimulia hadharani mara nyingi kwamba, katikati ya huzuni ile, wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la shukrani: baba yake hatalazimika kamwe kuishi katika nyumba kama ile aliyokuwa akifanya kazi yeye. Aliwaeleza wenzake. Nao walipojipima nafsi zao, wakakiri kuwa hawangependa wazazi wao waletwe pale.

Ndugu msomaji, lipime neno hili. Watumishi hawa hawakuwa wavivu wala wakatili. Walifika kazini kwa wakati, waliwaosha wazee, waliwalisha, waliwapa dawa zao. Walikuwa wakifanya kila walichoamriwa, na bado mahali pao pa kazi palikuwa mahali ambapo wasingemleta mama. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watumishi hawa hawakukilalia kitanda kile, lakini wao ndio waliokitandika kila asubuhi, na kunguni wake waliwajua wote.

Mahali pengine neno kama hilo lingekufa pale pale liliposemwa. Mtumishi angeambiwa kuwa analitia kazi jina baya, au kwamba kama hapendi basi mlango u wazi. Hogewey haikuwa hivyo. Watumishi na viongozi wao, akiwamo Bibi Jannette Spiering, walikaa pamoja wakaulizana ni maisha ya namna gani ambayo wao wenyewe wangeyataka watakapokuwa wazee. Kuanzia mwaka 1993 wakaanza kubadili taratibu zao, wakiwa bado katika jengo lile lile la zamani. Kijiji kipya kilikuja baada ya miaka kama 15. Kwa hiyo atakayedhani kwamba siri ya Weesp ni matofali na bustani atakuwa ameanza hesabu mwishoni. Kilichotangulia kubadilika ni kazi, na ruhusa ya mfanyakazi kusema kweli.

KAZI ILIVYOBADILIKA

Katika nyumba za kizamani kazi hukatwa vipande vipande. Huyu huosha miili, yule hugawa chakula, mwingine hupiga deki, na mwingine hupita na kitabu akitia alama. Kila mmoja anaijua saa yake, lakini hapana amjuaye mzee mzima. Kazi ya namna hiyo humchosha mtu upesi, maana siku yake ni ya miili ishirini na wala si ya mtu hata mmoja.

Weesp walivirudisha vipande vile pamoja. Kila nyumba ina watumishi wake. Aliyemsaidia bibi kuoga asubuhi ndiye pia atakayekwenda naye dukani kununua mahitaji ya siku, na ndiye atakayepika chakula katika jiko la nyumba hiyo, harufu ya vitunguu ikiingia sebuleni. Mkazi awezaye kumenya viazi humenya. Asiyeweza hukaa mezani akatazama. Nguo hufuliwa humo humo nyumbani. Wakazi wamegawanywa kufuatana na maisha waliyoyazoea: kuna nyumba za mafundi na watu wa kazi za mikono, nyumba za watu wa mjini, na kwa miaka mingi palikuwapo nyumba ya waliokulia Indonesia, nchi iliyotawaliwa na Uholanzi kwa muda mrefu, ambamo chakula kilikuwa wali na viungo vya huko. Mwanzoni aina za maisha zilikuwa saba, na baadaye zikapunguzwa kuwa nne.

Utaratibu huu unamdai mtumishi zaidi ya kujua kupima joto la mwili. Yampasa ajue fundi seremala mstaafu huamka saa ngapi, hunywa kahawa yake vipi, na jambo gani humtia hasira. Elimu hiyo haipatikani kwa mtu anayehamishwa wodi kila juma. Hupatikana kwa kukaa, na mtu hukaa mahali anapoheshimiwa.

Wapo wanaoukosoa mpango huu. Wanasema kuwa kijiji kizima ni mchezo wa kuigiza, kwamba mzee anafanywa aamini yuko mjini huru ilhali amezungukwa na ukuta. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwani ukuta upo na mlango ni mmoja. Lakini mkate wa dukani ni mkate kweli, na mchuzi ule umepikwa kweli. Na wanaoishi katika nyumba za wazee za mtindo wa zamani wamefungiwa vile vile, bila ya duka na bila ya mchuzi.

Mawazo kama haya yameenea penginepo katika nchi hiyo. Mwaka 2006 muuguzi Jos de Blok alianzisha shirika liitwalo Buurtzorg, maana yake utunzaji wa mtaani, lenye ofisi yake kuu ndogo huko Almelo, mashariki mwa nchi. Hawa huwatunza watu majumbani kwao. Wauguzi wake hufanya kazi katika vikundi visivyozidi watu 12, na kikundi hakina bwana mkubwa: wenyewe hupanga zamu, wenyewe huchagua mwenzao mpya. Wakikwama, wanaye mshauri wa kumwita, ambaye kazi yake ni kusaidia, hana amri juu yao. Shirika hilo liliajiri maelfu ya wauguzi kwa muda wa miaka michache tu, wengi wao wakiwa wamezikimbia kazi ambamo kila dakika yao ilihesabiwa na mtu asiyewahi kumshika mgonjwa mkono.

MZIGO USIOONEKANA

Msemo wetu wasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Atazamaye kwa mbali kazi ya kutunza wazee huiona nyepesi: kukaa, kuzungumza, kutia chai. Aifanyaye anajua uzito wake, nao ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni wa mwili. Kumgeuza kitandani mtu mzima asiyejiweza, mara kadhaa kwa usiku mmoja, huvunja kiuno cha kijana. Ndiyo sababu katika nyumba za Uholanzi hutumika mashine za kuinulia watu na vitanda vya kupandisha na kushusha. Mtumishi aliyeachiwa mikono mitupu atatumikia miaka michache, kisha naye atahitaji kuinuliwa.

Wa pili ni wa moyo. Mgonjwa wa usahaulifu aweza kumpiga amlishaye, au kumwita mwizi yule amwoshaye. Anayetukanwa hujua kuwa ni ugonjwa usemao, lakini masikio ni masikio. Tena wazee hawa hufa. Mtu uliyemenya naye viazi kwa miaka miwili hayupo tena, kitanda chatandikwa upya, na mgeni mwingine yuaja. Katika kazi hizi za Uholanzi ni desturi watumishi kukutana kwa vipindi, wakaeleza shida zilizowapata na kushauriana, bila ya hesabu ya makosa. Muda huo si wa kupiga soga, ni sehemu ya kazi.

Wa tatu ni wa idadi. Mmoja akiugua na asipatikane wa kumshika zamu, waliobaki hubeba kazi yake. Wakichoka, nao huugua. Hapo ndipo mzee huitia kengele asijiwe, na mtumishi hurudi nyumbani akilia kwa sababu aliisikia kengele ile na hakuweza kwenda.

WATOTO WALIPOLALAMIKA

Uholanzi ni nchi yenye fedha, na utunzaji wa wazee wasiojiweza umekuwa na sheria ya bima ya taifa tangu mwaka 1968, ambayo mwaka 2015 ilifuatwa na sheria mpya ya utunzaji wa muda mrefu. Mishahara na saa za kazi katika nyumba za wazee hupangwa kwa mkataba wa pamoja baina ya waajiri na vyama vya wafanyakazi. Pamoja na hayo, mambo hayakuwa mazuri kila mahali.

Mwaka 2014 ilitokea aibu kubwa. Baba mzazi wa Martin van Rijn, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa katibu wa serikali mwenye dhamana ya utunzaji wa wazee, alilalamika hadharani kwamba mkewe, yaani mama wa kiongozi huyo, hatunzwi ipasavyo katika nyumba ya wazee kwa kuwa watumishi ni wachache. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2016, Hugo Borst, mwandishi wa habari za kandanda ambaye mama yake naye alikuwa na maradhi ya usahaulifu, alishirikiana na Bibi Carin Gaemers kutoa tangazo lenye madai 35. Kiini cha madai yao kilikuwa watumishi: wawepo wa kutosha, wawe na mafunzo, na wapunguziwe makaratasi ili wapate wasaa wa kukaa na watu.

Bunge liliwasikiliza. Mwaka 2017 ulitolewa mwongozo mpya wa ubora, na serikali ikakubali kuongeza hatua kwa hatua hadi euro bilioni 2.1 kila mwaka, fungu kubwa likiwa la kuajiri. Kipimo kilichokuja kutajwa sana kilikuwa watumishi wawili kwa wakazi wanane. Lakini fedha huweza kupatikana na watu wasipatikane. Kazi iliyodharauliwa kwa miaka mingi haipati vijana kwa tangazo moja.

Kisha ukaja ugonjwa wa Korona. Machi 20, 2020, nyumba za wazee za nchi nzima zilifungwa, ndugu wasiruhusiwe kuingia. Barakoa zilikuwa chache, na hospitali zikapewa kwanza. Watunza wazee wakaendelea kuosha na kulisha, wakiwa wao sasa ndio watoto na wajukuu wa watu waliokuwa wakifa. Bodi ya Uchunguzi wa Usalama ya nchi hiyo, katika ripoti yake ya Februari 2022, ilieleza kwamba yaliyotokea katika nyumba hizo yalikuwa maafa ya kimya.

NDUGU ZETU WALIO NG'AMBO

Mambo haya yanatuhusu kwa karibu kuliko tudhanivyo. Katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani, na katika miji mingine mingi ya nchi hiyo, wapo Wakenya, Watanzania na Waganda wanaopata riziki yao kwa kutunza wazee. Ada za shule na bati za nyumba nyingi za kwetu zimelipwa na zamu za usiku za kumgeuza kitandani bibi wa Kizungu.

Februari 2022 Uingereza iliwafungulia mlango watunza wazee kutoka nchi za nje. Waafrika wengi waliingia, na baadhi yao walikuwa wamelipa mawakala fedha nyingi kwa kazi ambazo walipofika waliona si kama walivyoahidiwa. Machi 2024 ikawakataza wageni hao kuja na wake, waume na watoto wao. Julai 2025 ikaufunga mlango kwa waajiriwa wapya kutoka ng'ambo. Basi mama mmoja akawa anamlisha mama wa mtu mwingine kwa kijiko, ilhali mwanawe mwenyewe yu maelfu ya maili mbali naye. Anayempeleka mwanawe huko anapaswa kuuliza zaidi ya mshahara. Aulize zamu ni za saa ngapi, watumishi ni wangapi kwa wazee wangapi, na mtu akiumia kiuno nani atamtibu.

NA HAPA KWETU

Tumezoea kusema kwamba Mwafrika humtunza mzee wake nyumbani, na wengi wetu twafanya hivyo. Hata hivyo wapo wasio na mtu. Kwa ajili yao Zanzibar ina makazi ya Sebleni na Welezo, na hapa Dar es Salaam yapo makazi ya Nunge, Kigamboni. Zanzibar ilipiga hatua zaidi Aprili 2016, ilipoanza kumlipa pensheni kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la, kwa kuanzia na shilingi 20,000 kwa mwezi.

Kila sikukuu inapokaribia, vikundi vya kazini, vya misikiti na vya makanisa hupeleka zawadi katika makazi ya namna hii: mchele, mafuta, sukari, sabuni. Picha hupigwa, wageni huaga. Ni jambo jema, na heri anayelifanya. Ila katika picha hizo mara nyingi hakosekani mtu mmoja aliyesimama pembeni, ambaye hakuna amwulizaye neno. Ndiye atakayeupika mchele ule kesho, ndiye atakayeitumia sabuni ile saa kumi ya usiku, mzee atakapokuwa amechafukiwa.

Watumishi wa Weesp walianza kwa kujiuliza kama wangewaleta wazazi wao pale walipokuwa wakifanya kazi, na wakubwa wao wakavumilia kulisikia jibu. Swali hilo halihitaji euro. Sisi wafanyakazi wa mijini, tutakapochanga tena kwa ajili ya sikukuu, tumtafute mtu yule wa pembeni kabla ya kuaga. Tumwulize usiku huwa wako wangapi, kama glavu zipo, na mara ya mwisho alipumzika lini. Kisha tumwulize kama angemleta mama yake hapo, na tulichukue jibu lake, vyovyote litakavyokuwa, tulifikishe kwa wenye dhamana.